Stendi ya makoti na kofia: shajara ya sebuleni, Nakuru

Jumapili, 30 Juni 2024

Kilichoanzisha kazi hii ni makalio ya shemeji yangu. Mzee, baba yake mke wangu, alifika Ijumaa kutoka Bungoma. Akaingia sebuleni, akavua koti na pama lake la kahawia, akatazama huku na huku akitafuta pa kutundika. Hapakuwa na pa kutundika. Koti likalazwa kwenye mgongo wa kochi, pama likawekwa juu ya kiti cha plastiki karibu na mlango. Shemeji akaingia akiongea na simu, akaketi.

Mzee hakusema neno. Alilipokea pama lililobonyea, akalisukuma kwa ngumi taratibu kutoka ndani mpaka likainuka, kisha akalivaa. Hakulivua tena humu ndani hadi alipopanda gari leo asubuhi. Mkwe akila ugali sebuleni kwako na kofia kichwani, ujue umeshasomewa mashtaka.

Ukutani siwezi kupigilia kitu. Mkataba wa nyumba hii ya mtaa wa Section 58 unakataza misumari, na mwenye nyumba huja kukagua kuta kama daktari anayetafuta ukurutu. Kwa hiyo lazima kiwe kitu cha kusimama chenyewe: nguzo, miguu, vigingi. Mke wangu anakiita stendi. Mtoto wetu mdogo anakiita mti wa nguo, na naona yeye ndiye aliyepatia.

Muda ninao. Mwaka huu ni wa shufwa, na Wabukusu hutahiri Agosti ya miaka ya shufwa. Mzee ana wajukuu wawili wanaoingia, kwa hiyo hatatoka Bungoma kabla ya Septemba.

Jumamosi, 6 Julai

Yadi ya mbao, upande wa viwandani. Nilikuwa na wazo la mvule. Muuzaji aliponitajia bei nikaomba nione saipresi.

Tulipiga gumzo kidogo. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yake, na kwa miaka hiyo yote, anasema, alijaza yadi kwa grevilea na mikaratusi ya mashambani mwa watu. Julai mwaka jana Rais Ruto akatangaza akiwa Molo, humu humu kaunti yetu, kwamba marufuku yameondolewa. Nikamuuliza basi mbona bei haijashuka. Akacheka, akanipa futi ya kupimia nichague mwenyewe.

Nilichukua saipresi ya 2 kwa 2, futi 7, ya nguzo, na ya 3 kwa 2, futi 6, ya miguu. Namna ya kuchagua nilifundishwa na fundi jirani yangu: shika ubao kama bunduki, fumba jicho moja, tazama ukingo wake kutoka mwisho hadi mwisho. Ukiwa umepinda utauona. Niliangalia tisa nikapata mmoja wa kuridhisha, nao pia una kifundo cha ukubwa wa shilingi 20 karibu na ncha. Ni mbichi kidogo. Ukiunusa bado una harufu kali, na ni mzito kuliko unavyopaswa kuwa. Nimeulaza juu ya vijiti stoo, hewa ipite pande zote.

Jumapili, 7 Julai

Randa. Siku nzima ni randa. Nguzo imetoka kwenye inchi 2 ikabaki milimita 45 kila upande. Karibu na kile kifundo nyuzi zinageuka, ukienda kinyume randa inang'oa vibanzi badala ya kulainisha. Nilipageuza, nikapunguza meno ya randa mpaka yakatoa maranda mepesi kama karatasi ya sigara. Watoto wamejaza maranda kwenye gunia, wanasema ni kitanda cha paka. Paka hatuna.

Jumamosi, 13 Julai

Siku ya hasara, na naiandika kwa urefu kwa sababu kosa lenyewe ni la kijinga na mtu mwingine anaweza kulirudia.

Mpango ulikuwa vigingi vinane: vinne juu vya watu wazima, vinne chini usawa wa kifua cha mtoto. Kila upande wa nguzo kigingi kimoja juu, kimoja chini. Tundu la upana wa milimita 20, kina 35, likiwa limeinama nyuzi 15 ili kigingi kielekee juu na koti lisiteleze. Pembe nilipima kwa protrakta ya mtoto wa darasa la saba. Nikakata kipande cha mbao kwa pembe hiyo, nikakiegemeza kwenye nguzo kiongoze drili. Hapo nilijiona fundi kamili.

Nikatoboa upande wa kwanza, vizuri. Wa pili, ile drili ikazama ghafla kama mtu aliyekanyaga shimo gizani. Nguzo ina milimita 45 tu. Matundu manne ya kina cha 35, yote usawa mmoja, yatafanya nini kama si kukutana katikati? Pale ndani hapakubaki mbao, palibaki pango. Nilijikaza nikatoboa la tatu na la nne nikidhani gundi itaokoa. Nilipogonga kipande cha kujaribia, nguzo ikapasuka kutoka tundu hadi ncha, pakasikika mlio ambao mke wangu aliusikia jikoni.

Fundi jirani alikuja akatazama, akaingiza kidole kwenye tundu moja kikatokea la pili. Akauliza, "Hii ni filimbi?"

Dawa yake ni rahisi: matundu yapande kama ngazi. Kila kigingi kiwe juu ya mwenzake kwa sentimita 5, ukizunguka nguzo. Hayakutani, na nguzo inabaki na nyama. Nimekata sehemu iliyopasuka. Nguzo iliyokuwa niifanye mita 1.90 sasa ni 1.68. Kifundo nacho kimeondoka na kipande kile, hiyo ndiyo faida pekee ya leo.

Jumapili, 14 Julai

Nimetoboa upya, kwa ngazi. Matundu manane, hakuna lililokutana na jingine.

Vigingi nilitaka kununua mti wa mviringo, lakini stoo kulikuwa na mpini wa jembe uliovunjika shingo tangu tuhame kutoka Njoro. Mgumu, mkavu kama mfupa, umeng'arishwa na viganja vya miaka. Nimeukata vipande vinane vya sentimita 15, mwisho wa kila kimoja nikauchonga kwa kisu na tupa mpaka ukaingia tunduni kwa kugongwa, si kwa kusukumwa.

Fundi alifurahia huo mpini kuliko kitu kingine chochote nilichofanya. Kigingi kikavu ndani ya nguzo yenye unyevu kidogo, alisema, ndiyo ndoa inayodumu. Nguzo ikiendelea kukauka itasinyaa, na kigingi hakina tena cha kusinyaa, kwa hiyo tundu linakibana. Ukifanya kinyume, kigingi kibichi ndani ya nguzo kavu, baada ya mwezi kitacheza kama jino la mtoto. Mimi nilikuwa nimechukua mpini kwa sababu ni wa bure.

Jumatano, 17 Julai

Jioni. Jana duka la vifaa lilifungwa mapema kwa sababu ya maandamano, leo nimepata gundi. Vigingi vimeingia vyote. Stima zikapotea nikiwa na cha saba, cha nane nimekigonga kwa mwanga wa simu.

Jumamosi, 20 Julai

Miguu. Vipande viwili vya sentimita 50, vinapishana msalaba. Kila kimoja nimekichonga katikati, nusu ya unene wake, ili kimoja kikae ndani ya kingine na juu pawe sawa. Msumeno kwa kingo mbili, patasi kuondoa cha katikati. Cha kwanza nilichonga kikalegea kwa unene wa karatasi, cha pili kilikaa kama kimezaliwa hapo.

Kisha tundu la mraba katikati ya msalaba, na chini ya nguzo ulimi wa milimita 30 kwa 30 unaopenya mpaka upande wa pili. Ulimi una mkato mwembamba, na kwa chini nimepigilia kabari ya mti mgumu ndani ya mkato huo, ulimi ukatanuka ukakataa kutoka. Sikutumia msumari hata mmoja.

Imesimama! Mke wangu alitundika koti lake la mvua, mimi jaketi, watoto sweta za shule. Nguo nne, haikutikisika. Vigingi nilivielekeza kwenye nafasi kati ya mguu na mguu, kwa sababu ukitazama kutoka mlangoni inapendeza hivyo, kama maua. Niliipiga picha nikamtumia shemeji bila maneno yoyote.

Jumatatu, 22 Julai

Imeanguka.

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, ile baridi ya Julai ya Nakuru inayokufanya uongee na sweta kabla ya kuivaa. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na mwezi huu haukuachi usahau. Mtoto wa darasa la saba alichelewa, akapita mbio, akavuta sweta yake bila kusimama. Stendi ikamfuata. Ilipita karibu na kichwa cha mdogo wake, ikatua juu ya sufuria ya uji. Hakuna aliyeumia. Uji uliingia kwenye mfuko wa koti la mama yao, na hayo aliyoyasema sitayaandika.

Nimeambiwa kitu hicho kisimame nje mpaka kipate akili.

Jumamosi, 27 Julai

Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza: Jumamosi ilibeba nguo nne bila shida, Jumatatu ikaangushwa na sweta moja. Jibu ni kwamba uzito wa nguo haukuwa tatizo hata kidogo. Nguo ikining'inia, uzito wake unashuka wima, unaishia ndani ya miguu. Kinachoangusha ni kuvuta, na tunavuta tukiwa kwenye kilele, mahali nguzo inapogeuka kuwa mtarimbo dhidi ya miguu yake yenyewe.

Nilikwenda kwa mwenye vyuma chakavu nikaazima mizani yake ya mkono, ile ya ndoano inayosoma hadi gramu kumi. Nikaikwamisha kwenye kigingi cha juu, nikavuta polepole kwa usawa mpaka stendi inyanyue miguu. Namba nilizopata zinatia aibu. Nikivuta kuelekea mguu mmoja, gramu 600. Nikivuta kuelekea nafasi kati ya miguu miwili, gramu 420. Kuvuta kwa uzito wa pakiti ya sukari ya nusu kilo kungetosha kuiangusha. Stendi yenyewe ina kilo 3.6.

Na hapo ndipo nilipoona ujinga wa yale maua yangu. Msalaba una nguvu pale penye mguu. Kati ya miguu, ukingo unaopindukia ni mstari ulionyooka kutoka ncha hadi ncha, na mstari huo uko karibu zaidi na nguzo. Mguu wangu una sentimita 25 kutoka katikati, lakini kule kati ya miguu ni kama nina 18 tu. Na vigingi vyote vinane nilikuwa nimevielekeza huko huko kwenye udhaifu.

Mambo matatu basi: miguu mirefu, vigingi vigeuzwe vikae juu ya miguu, na uzito chini.

Uzito ulinisumbua. Nilifikiria mawe, nikafikiria kumwaga zege kwenye karai. Nikiwa bado na mizani mkononi pale kwa mwenye vyuma nikaona rundo la diski za breki za magari madogo. Diski ina umbo la kofia: katikati imeinuka, pembeni ina ukingo mpana. (Ndiyo, nilicheka peke yangu.) Zipo za mashimo matano na zipo za mashimo manne ya nati za gurudumu. Nikachagua ya mashimo manne, kwa sababu msalaba una mikono minne: kila shimo linaangukia juu ya mkono mmoja, skrubu moja na washa moja kila shimo. Na katikati ya diski kuna tundu kubwa ambamo mwisho wa ulimi na kabari yake unapata nafasi. Ingekuwa nimeagiza itengenezwe isingekaa vizuri hivyo. Kilo 4.6, nimelipa shilingi 400, na mizani nimerudisha kwa masharti kwamba nitaiazima tena.

Jumamosi, 3 Agosti

Miguu mipya ya sentimita 70. Kabari ya zamani ilikataa kutoka, ilinibidi kuitoboa kwa drili, na ulimi ukapoteza kipande cha pembe. Fundi alisema nisiutegemee ulimi peke yake. Ulimi wa sentimita 4 na nusu unashikilia nguzo ya mita na nusu na zaidi, utachoka. Akaniambia niweke magoti: pembetatu nne ndogo, kila moja imekaa juu ya mguu na kuegemea nguzo. Nimezikata kutoka miguu ya zamani. Nguzo nimeigeuza, sasa kila kigingi kinatazama mguu wake.

Diski ina kimo cha karibu sentimita 5, kwa hiyo msalaba lazima uinuke. Nimegundisha kipande cha sentimita 5 na nusu chini ya kila ncha ya mguu, na chini yake tena soli ya patipati kuukuu isikwaruze sakafu. Diski nimeisugua kutu kwa brashi ya waya, ikapata rangi nyeusi.

Mizani imeazimwa. Kati ya miguu: kilo 1 na nusu. Kuelekea mguu: kilo 2 na gramu 100. Na kwa kuwa vigingi viko juu ya miguu, anayevuta nguo yake huvuta kuelekea pale penye nguvu. Nilimwita yule mtoto, nikamwambia chukua sweta ukiwa na haraka zako zote. Akapita mbio, akavuta. Stendi ikainama kidogo kama mtu aliyeitwa jina, ikarudi.

Imeruhusiwa kuingia ndani.

Jumapili, 11 Agosti

Msasa wa 120, kisha 240. Sila ya kwanza, ile vanishi ya kuziba mbao, nilipaka jana saa moja jioni, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Asubuhi nikakuta ukungu mweupe juu ya mbao yote, kama kioo kilichopumuliwa. Hewa baridi yenye unyevu hufanya hivyo: tina, ile ya kuzimulia sila, inakimbia upesi, unyevu unanaswa ndani. Leo saa sita mchana, jua likiwaka, nimepitisha tina kidogo juu yake na ukungu ukayeyuka. Mkono wa pili nimepaka hapo hapo. Saipresi imetoka rangi ya asali, na vigingi vya mpini vimekuwa vyeusivyeusi. Sikupanga, lakini sitabadilisha.

Jumamosi, 17 Agosti

Kilichobaki ni kichwa. Pama halitundikwi kwenye kigingi. Kigingi chembamba kikikaa ndani ya pama la sufu kwa siku mbili tatu, uzito wa pama lenyewe unatosha kukichomoza, na pale juu panabaki chunusi isiyotoka. Pama linataka kitu kipana cha kulala juu yake, kama kichwa cha mwenyewe.

Nilipata gogo la mjakaranda kutoka kwa jirani aliyekata matawi. Nimelichonga likawa kuba la upana wa sentimita 14. Kichwa cha mtu mzima ni kama 18 na ushee, kwa hiyo pama litakaa bila kubanwa. Siku nzima nimechonga na tupa, na msasa mwishoni. Nililijaribu na kofia ya shule, likaonekana kama mwalimu mkuu mfupi. Nimelifunga juu ya nguzo kwa gundi na skrubu moja ndefu. Kuba limeongeza kilo nusu mahali pabaya kabisa, juu kileleni. Nikapima tena kwa hofu. Tofauti haikufika gramu 100.

Jumamosi, 7 Septemba

Mzee amefika saa tisa. Wajukuu wamepona vizuri, mmoja tayari anacheza mpira na anafokewa.

Aliingia, akaiona. Hakuuliza ni nani aliyetengeneza. Aliishika nguzo kwa juu kwa mkono mmoja, akaivuta namna wanaume wa rika lake wanavyojaribu nguzo ya ua kabla ya kufunga waya. Ikainama, ikarudi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, huku akitazama chini. Kisha akapiga goti moja, pole pole, akaingiza mkono chini ya msalaba.

"Kuna nini huku?"

"Diski ya breki, Mzee."

Aliendesha lori la miwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa diski, upande mmoja, halafu upande wa pili, akarudia.

"Gari gani?"

"Sijui, Mzee. Nimeitoa kwa vyuma chakavu."

"Upande wa ndani umelika kuliko wa nje," akasema. "Kaliper, ile inayoibana diski, ilikuwa imekwama. Dereva angesikia harufu, kama angekuwa anasikiliza gari lake."

Akainuka akishikilia kigingi cha chini, cha watoto, na kigingi kikambeba. Akavua koti akalitundika. Kisha tukaketi, akanieleza habari ya kaliper kwa nusu saa nzima, pama likiwa kichwani, mpaka mke wangu alipokuja na chai, akaliondoa kwa mikono miwili bila kuomba ruhusa, akaliweka juu ya kuba.